Maji Yako Yanatoka Wapi? Mwongozo wa Kulinda Nyumba na Mafuriko, Malindi na Lamu

Masika moja niliamka alfajiri kuswali, nikashusha miguu kitandani, nikakanyaga maji. Ilikuwa nyumba ya kupanga, Malindi, mtaa ambao ukisimama barazani huoni mto wala bahari. Nilifanya walilolifanya jirani zangu wote: nikatafuta magunia, nikayajaza mchanga, nikayapanga mlangoni. Maji yakazidi kupanda. Jua lilikuwa limeshatoka nilipoona kwamba mlangoni hapapiti kitu. Maji yalikuwa yakichipuka kwenye tundu la bafu, yakitoka kwenye shimo la maji taka lililokwisha kufurika. Njia pekee ambayo yangetokea ilikuwa ule mlango, nami nilikuwa nimeuziba kwa mikono yangu mwenyewe.

Tangu hapo, mtu akiniuliza afanye nini nyumba yake isiingie maji, nami humuuliza kwanza: maji gani? Hatua zilizomo humu zote zinaanzia kwenye swali hilo. Usipolijibu utatumia pesa nyingi mahali pasipo na tatizo.

Hatua ya 1: Yatambue maji yako

Huku kwetu nyumba hufikiwa na maji ya aina nne, na kila aina ina tabia zake.

Ya kwanza ni maji ya mvua iliyonyesha papo hapo mtaani. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Chukua paa la mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa Mei huweza kushuka kwa usiku mmoja, inamwaga lita 4,000 kutoka paa hilo peke yake. Hayo ni mapipa 20 ya lita 200. Kiwanja cha mita za mraba 300 kinapokea lita 15,000. Zamani maji hayo yalinywewa na mchanga au yalikwenda kwenye vidimbwi vya msimu. Siku hizi vidimbwi vimejazwa kifusi vikauzwa ploti, ua umewekwa kabro, na barabara imeinuliwa ikawa juu kuliko sakafu za watu. Maji hayasomi hatimiliki. Yatarudi kwenye bonde lao yakute umejenga au hujajenga. Dalili ya maji haya ni kwamba huingia wakati mvua bado inapiga au muda mfupi baadaye, na mvua ikikatika huanza kushuka.

Ya pili ni maji ya mto. Sabaki huanzia mbali, nyanda za juu karibu na Nairobi, ukiitwa Athi. Ukifika Tsavo unapokea maji yanayotoka upande wa Kilimanjaro, unaitwa Galana, na huku kwetu ndipo unapopata jina la Sabaki kabla ya kuingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa kwenda Mambrui. Maana yake ni kwamba mto unaweza kupanda Malindi kukiwa na jua kali, kwa mvua iliyonyesha Machakos siku kadhaa zilizopita. Wavuvi hawahitaji kuambiwa. Bahari ikigeuka rangi ya chai ya maziwa wanajua bara kumenyesha. Kwa watu wa Lamu bara, mto wao ni Tana. Huo una mabwawa matano ya umeme huko juu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukisikia redioni kwamba Masinga limejaa na linamwaga, hesabu siku, kwa sababu maji hayo yatapita Garissa, yateremke Garsen, yatandae kwenye delta. Ndivyo barabara ya kwenda Lamu ilivyokatika upande wa Gamba na Lango la Simba mwaka 2023, na tena 2024. Maji ya mto huja na tope, hukaa siku au wiki, na mvua ya kwako kukatika hakuyapunguzi.

Ya tatu ni maji ya bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3, na pwani yetu kujaa huko huangukia karibu saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Bahari yenyewe kuingia nyumbani si jambo la kila mwaka. Balaa ni pale mvua kubwa inapokutana na bamvua. Mji wa kale wa Lamu umekaa kwenye mteremko, na vichochoro vyake vina mitaro inayoshuka kutoka juu, ikavuka Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji, ikamwaga baharini. Bahari ikijaa hadi ikafunika midomo ya mitaro, mvua haina pa kwenda, inarudi nyuma na kuingia kwa watu. Tabia ya maji haya ni kufuata saa: yanapanda kwa takribani saa sita, kisha yanashuka yenyewe.

Ya nne ndiyo iliyonipata mimi: maji ya chini. Ardhi yetu ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na mvua ikiendelea kwa wiki mbili tatu, maji ya ardhini hupanda. Visima hujaa, mashimo ya choo hufurika, sakafu hutoa jasho, na maji hutokea kwenye nyufa na matundu ya bafu. Kipimo unacho uani. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe kisimani kila Ijumaa wakati wa masika, na likigusa maji upige fundo kwenye kamba usawa wa mdomo wa kisima. Mafundo yakianza kulisogelea jiwe kwa haraka, jiandae na yanayokuja kutoka chini, hata kama mlango wako uko juu kama minara ya msikiti.

Kuhusu misimu, masika tunaijua: Machi hadi Mei, na Mei ndio mwezi mzito. Vuli, Oktoba hadi Desemba, haina msimamo. Miaka mingi hupita kwa manyunyu. Lakini upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, au Elnino ikiamka kule Pasifiki, vuli hugeuka kitu kingine. Elnino ya 1997 ilianzia vuli. Mvua za 2019 zilikuwa za vuli, na za 2023 pia. Kwa hiyo utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya mwezi wa Agosti na Septemba usiupite kama tangazo la sabuni.

Hatua ya 2: Pima kimo

Fundi yeyote wa ujenzi ana mpira mwembamba wa kuonekana ndani anaoutumia kupimia usawa. Muazime kwa siku moja. Ujaze maji, ncha moja iweke kwenye sakafu ya mlango wako, nyingine ipeleke barabarani, kisha kwenye ukingo wa mtaro, kisha kwenye kizingiti cha jirani wa juu na wa chini. Ncha zote mbili zishikwe wima, maji yatasimama usawa mmoja; pima kutoka usawa huo hadi chini kila upande, uandike tofauti kwa sentimita. Utashangaa. Mimi nilikuwa nikiamini nyumba yangu imeinuka, kumbe ilikuwa sentimita 11 chini ya barabara mpya.

Kisha tafuta alama ya maji ya zamani. Kwenye kuta huonekana kama mstari wa udongo au rangi iliyobanduka kwa usawa mmoja. Waulize wazee, lakini waulize kwa adabu na kwa undani, usiseme “maji yalifika hapa?” maana utajibiwa ndiyo. Sema, “Mzee, mwaka ule wa Elnino maji yalifika wapi kwenye mwili wa mtu?” Atakuonyesha goti au kiuno, na hicho ni kipimo. Wapo wanaokumbuka hata mvua za 1961. Nilipohama nyumba ile, nilimuuliza bibi mmoja kuhusu kiwanja nilichotaka kununua. Akacheka. “Mwanangu, hapo tulikuwa tukivulia kambare.” Sikununua. Dalali hakupendezwa.

Ukiwa karibu na mto, kumbuka sheria ya maji inatenga ukingo wa mita 6 hadi 30 usiojengwa, kulingana na upana wa mto. Kwa Sabaki mimi ningekwenda mbali zaidi ya 30. Nyanda za chini kule ni nzuri kwa mahindi na migomba kwa sababu moja tu: mto huzifikia.

Hatua ya 3: Yape maji njia kabla hayajaichagua

Anza juu. Paa liwe na mlizamu unaopeleka maji mahali ulipoamua wewe. Watu wa visiwani wanalijua hili kuliko sisi. Huko Pate na Kiwayu maji ya mvua ni mali, yanakusanywa kwenye jabia na birika. Tangi la lita 5,000 linameza mvua yote ya lile paa nililolitaja, usiku mzima, na una maji ya kufulia mwezi ukiisha. Kama huna tangi, angalau mlizamu umwage mbali na msingi.

Halafu mteremko. Ardhi inayozunguka nyumba ishuke kutoka ukutani: sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza inatosha. Maua yaliyopandwa kwenye vitalu vilivyoegemea ukuta huzuia maji hapo hapo msingini. Bustani ni nzuri, isogeze.

Mtaro unaozunguka nyumba usiwe mpana kwa sifa. Uwe na mteremko usiokatika na uwe na mwisho. Nimeona mitaro mizuri ya saruji inayoishia ukutani kwa jirani. Hiyo italeta ugomvi kabla ya kuleta mafuriko. Kaeni kama mtaa, mkubaliane maji yapite wapi, nani asafishe sehemu gani, na lini. Wiki ya mwisho ya Februari ni wakati mzuri, kabla ya masika. Taka zinazotoka mtaroni zisiachwe ukingoni, mvua ya kwanza itazirudisha.

Wengi huchimba shimo la kunyonya maji na kudhani wamemaliza. Tupige hesabu. Shimo la mita 1.5 kila upande lina ujazo wa lita 3,375. Ukilijaza mawe, nafasi inayobaki ni kama theluthi, yaani lita 1,100 hivi. Kiwanja chako kimepokea lita 15,000. Shimo linasaidia kama ardhi yako ni mchanga unaokunywa haraka na kisima hakijapanda. Kama maji yako ni ya aina ya nne, shimo hilo litajaa kutoka chini na halitanyonya chochote. Jaribu kwanza: chimba shimo la nusu mita, limwagie ndoo tatu za maji, uangalie saa. Kama baada ya saa nzima maji bado yamesimama, usipoteze pesa.

Hatua ya 4: Ziba matundu ya ndani

Hili huachwa nyuma na kila mtu. Nyumba zetu nyingi hutegemea mashimo ya choo na matangi ya maji taka, na yakifurika, kinachorudi ndani si maji ya mvua tu. Hapo ndipo kipindupindu na kuhara huanzia.

Kwenye bomba linalotoka nyumbani kwenda shimoni, mwambie fundi bomba akufungie valvu ya kupitisha upande mmoja, ile yenye kifuniko kinachojifunga maji yanaporudi. Iwe mahali unapoweza kuifungua na kuisafisha, kwa maana uchafu ukikwama kwenye kifuniko haifungi tena. Kwa dharura, tundu la bafu lizibwe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye nailoni, juu yake uweke uzito. Choo cha kukaa kitie gunia dogo la mchanga ndani ya bakuli. Hakipendezi macho, lakini kinafanya kazi.

Shimo la maji taka lifyonzwe kabla ya masika. Usilifyonze katikati ya mafuriko. Tangi tupu lililozungukwa na maji ya ardhini husukumwa kutoka chini na kutoka pembeni. La plastiki huweza kuibuka juu, la matofali huweza kupasuka. Vivyo hivyo tangi la maji ya kunywa lililoko chini: lijaze. Likiwa na lita 1,000 lina uzito wa tani moja, haliendi popote, na utakuwa na maji safi wakati kisima kimechafuka.

Choo kipya kikichimbwa, kiwe mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na mdomo wake uinuliwe juu ya alama ya maji uliyoipata katika hatua ya 2.

Hatua ya 5: Magunia, na mahali yanapokoma kusaidia

Sasa ndio magunia. Yanafaa kwa maji ya mtaani na ya bahari, yanayokuja na kuondoka kwa saa chache.

Jaza gunia nusu, lisizidi theluthi mbili. Gunia lililoshiba ni gumu kama jiwe na huacha mianya. Lililo nusu hulala likajibana na mwenzake. Mdomo ukunjwe chini, uangalie upande maji yanakotoka. Panga kama matofali, kila gunia likalie kiungo cha mawili ya chini, na kila safu uikanyage. Kitako cha ukuta huo kiwe mara tatu ya kimo: ukitaka sentimita 30 kwenda juu, kitako kiwe 90. Mbele tandika nailoni nzito ya wajenzi, ipite chini ya safu ya kwanza. Bila nailoni magunia hupunguza maji tu, hayayazuii.

Mchanga usichotwe ufuoni, na kwa watu wa Lamu usiguswe kabisa kwenye matuta ya Shela. Matuta hayo ndiyo yanayotunza maji matamu ya kisiwa, tena ndiyo ukuta wenu wa bahari. Tumia udongo wowote wa uani.

Mlangoni njia bora kuliko magunia ni ubao. Fundi seremala akuchongee mbao zinazoteremka kwenye mifereji miwili ya chuma pande za mlango, na chini ziwe na mpira wa tairi la baiskeli. Unaziweka kwa dakika mbili. Magunia ya kutosha mlango mmoja yatakuchukua saa nzima, usiku, kwenye mvua.

Na hapa naomba usome taratibu. Maji yaliyosimama nje kwa kina cha nusu mita husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 125. Kina kikifika mita 1 nguvu hiyo haiwi 250, inakuwa 500. Ukuta wa tofali moja usio na nguzo haukujengwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kanuni ya wahandisi ni kutozuia maji zaidi ya sentimita 60 hadi 90. Yakipita hapo, ondoa vizuizi, fungua milango, uyaache yaingie ili ndani na nje pasukumane sawa. Godoro lililolowa linanunulika. Ukuta ukianguka ndani kwa ghafla unaangukia watu.

Hatua ya 6: Nyumba kulingana na kilichoijenga

Nyumba ya udongo na fito huumia chini. Maji yakikaa siku mbili, udongo wa nusu mita ya kwanza huyeyuka na fito zikabaki uchi. Ukijenga upya, anza na kitako cha mawe cha sentimita 60 kabla ya kuanza kukandika, na upenu wa makuti utoke nje vya kutosha mvua isipige ukuta. Kama unaishi kwenye nyanda za Sabaki, nyumba ya fito ina faida moja: hujengeka tena kwa gharama ndogo. Watu wa kule hawakuwa wajinga.

Nyumba ya matofali ya saruji hustahimili, lakini soketi za stima zipandishwe usawa wa kifua, na vyumba vya chini vipigwe vigae kuliko zulia. Ukimwaga sakafu mpya juu ya ya zamani kuiinua, angalia urefu wa milango kwanza. Na usikubali mchanga wa baharini kwenye zege. Chumvi yake hula nondo, na mafuriko huharakisha kazi hiyo.

Nyumba za mawe za Lamu ndizo zinazonitia uchungu, maana huharibiwa na wanaozipenda. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya maji na kuyatoa kama unavyopumua. Mwenye nyumba anaona unyevu, anaita fundi, fundi anapiga plasta ya saruji. Kwa mwaka mmoja panapendeza. Kisha maji yaliyofungiwa ndani yanapanda juu zaidi, chumvi inasukuma plasta, inabanduka vipande vikubwa pamoja na nyuso za mawe, na vidaka vya karne mbili vinakwenda navyo. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Baada ya mafuriko banda saruji iliyopo chini, uache ukuta ukauke. Hiyo ni miezi, usipake rangi Idi ijayo. Kagua vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani; chomeka bisibisi, ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, weka nguzo ya kuegemeza leo hii.

Hatua ya 7: Siku ya onyo

Tangazo likitoka, au kamba ya kisima ikikuambia, fanya kwa mpangilio huu. Hati kwanza: vitambulisho, hatimiliki, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, vyote kwenye ndoo yenye kifuniko, na picha zake kwenye simu. Dawa za wagonjwa na za wazee. Chakula na maji ya siku tatu. Simu ichajiwe. Mtungi wa gesi ufungwe na ukazwe kwa kamba ukutani, usije ukaelea huku unavuja. Mbuzi na kuku wapandishwe juu mapema, usiku hutawapata.

Swichi kuu ya umeme izimwe ungali mkavu. Kama maji yameshafika miguuni mwako na swichi iko upande wa pili wa chumba, usiifuate.

Tazama pia siku za mwezi. Mvua kubwa ikitabiriwa na kesho ni bamvua, watu wa pwani ya Lamu wawe wameshaweka mbao milangoni adhuhuri.

Hatua ya 8: Kuondoka

Kwa maji ya mtaani unaweza kubaki, ukapanda juu. Kwa Sabaki na Tana ondoka mchana, kabla ya maji, hata kama jirani anakucheka. Maji ya mto hayaji peke yake. Yanaleta mamba na viboko hadi mashambani, na nyoka wanaotafuta pakavu kama wewe. Wanaume wa kwetu hubaki nyuma kulinda nyumba. Ni bora mlinde kwa zamu kutoka mahali palipoinuka.

Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelea na gari dogo. Barabarani huoni kama lami bado ipo chini. Dereva wa matatu akitaka kujaribu, shuka. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi ni hatari ile ile kwa sura nyingine. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana bure kwa nambari 1199, na polisi kwa 999 au 112.

Hatua ya 9: Maji yakishaondoka

Ingia mchana, umevaa gambuti, na fimbo mkononi ya kuchokolea vitu kabla ya kuvishika, kwa sababu ya nyoka. Piga picha za kila chumba kabla ya kusafisha. Kama una bima au ukihitaji msaada wa kaunti utaulizwa. Stima isiwashwe mpaka fundi wa umeme akague soketi zilizolowa.

Tope litolewe likiwa bado bichi; likikauka ni kazi mara mbili. Osha kwa sabuni na maji kwanza, halafu dawa ya klorini. Klorini usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, mvuke wake hudhuru mapafu. Magodoro ya sponji na chakula kilichoguswa na maji vitupwe. Najua godoro ni pesa. Litupe.

Kisima kihesabiwe kuwa kimechafuka mpaka kitiwe dawa na afisa wa afya ya umma akiangalie. Maji ya kunywa yachemke yatokote dakika moja nzima, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Fungua madirisha yote kaskazi au kusi ipite ndani. Makopo, vifuu na matairi yaliyobaki na maji uani yamwage siku hiyo hiyo. Baada ya siku kumi hivi utawaona mbu, na neti zitakuwa zimelowa.

Kwa mtaa mzima ipo kazi moja ya kudumu. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na Malindi tunayo kidogo mdomoni mwa Sabaki. Mizizi yake huvunja nguvu ya wimbi na kushika tope. Anayekata boriti bila kupanda anauza ukuta wa wenzake.

La mwisho kabla ya kupaka rangi: chukua msumari, upigilie ukutani pale mstari wa maji ulipofika, uandike tarehe kwa rangi isiyofutika, na neno moja pembeni yake: mvua, mto, bahari au chini. Wangu uko nyuma ya mlango wa bafu, sentimita 34 kutoka sakafuni. Mwenye nyumba alinikasirikia. Mpangaji aliyeingia baada yangu alinipigia simu kunishukuru, kisha akaniuliza ile valvu naipata duka gani.